"Run" kwa Kifini: jinsi ya kuchagua neno sahihi bila kupotea kwenye kamusi

Wengi wetu tunaojifunza Kifini tunapitia mlango wa Kiingereza, maana vitabu na apu nyingi zimeandikwa hivyo, na hapo ndo matatizo yanapoanzia. Unafungua kamusi unatafuta run, inakupa juosta, kukimbia, unaridhika unafunga, afu unaenda kuandika kwamba injini juoksee, basi juoksee, bosi juoksee kampuni, na Mfini anayesoma anabaki anajiuliza hiyo injini ina miguu mingapi.

Run ni neno lenye balaa. Kamusi kubwa ya Oxford inaorodhesha maana zaidi ya 600 za run kama kitenzi tu, hapo nomino bado. Kifini hakina neno moja la kubeba mzigo wote huo, kina vitenzi kibao vimegawana kazi, kila kimoja na eneo lake. Sasa kitu ambacho watu hawakioni ni kwamba Kiswahili nacho kiko hivyohivyo. Sisi hatusemi basi linakimbia kila baada ya dakika kumi, wala pua inakimbia, wala mtu anakimbia urais. Tunasema basi linapita, pua inatoa makamasi, mtu anagombea. Kwa iyo kazi ya kutenganisha hizo maana ushaifanya kichwani tangu utotoni, we unajichelewesha tu unapoenda kuichukua run ikiwa nzimanzima na kuipeleka kwa Kifini.

Njia yenyewe

Ukikutana na sentensi yenye run, itupe hiyo run kwanza. Sema sentensi nzima kwa Kiswahili cha kawaida, kile ambacho ungemwambia mtu mkiwa mnapiga stori, sio cha kwenye mtihani. Ukishapata kitenzi cha Kiswahili jiulize maswali mawili: nani au nini kinafanya hilo jambo (mtu, mashine, maji, barabara, mkataba?), na je kinafanya chenyewe au kuna mtu anakifanyisha. Hilo swali la pili lina uzito sana kwenye Kifini na nitalirudia chini kwa kirefu. Afu ndo uende kwenye kamusi, na ukifika huko usichukue neno likiwa uchi, chukua na sentensi ya mfano, maana Kifini kina viishio vya nomino vya aina 15 na kila kitenzi kina kiishio chake kinachokitaka. Ukijua kitenzi bila kujua kiishio umejua nusu.

Kamusi ninayoipendekeza ni Kielitoimiston sanakirja, ipo bure kwenye intaneti, ni ya Kifini kwa Kifini. Najua inatisha mwanzoni, ila mifano yake ni mifupi na ndo inayokuonyesha kitenzi kinakaa na nini. Tumia ya Kiingereza kupata dokezo, afu njoo huku kuhakikisha.

Mwenye miguu anakimbia

Juosta ni ya mtu na mnyama. Angalia inavyobadilika maana haifuati njia uliyozoea: minä juoksen, sinä juokset, hän juoksee, me juoksemme, te juoksette, he juoksevat. Hiyo ks inajitokeza ghafla, kwenye juosta hukuiona, lakini ukiacha hapo ni kitenzi kizuri hakina shida. Kwenye maongezi utasikia mä juoksen na me juostaan, usishangae, ndo Kifini cha mdomoni kilivyo.

Kinaweza kubeba umbali au matokeo pia. Mfano mzuri ni Lasse Virén kwenye mita 10,000 za Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alianguka katikati ya mbio, akanyanyuka, akashinda na kuvunja rekodi ya dunia: Virén kaatui, nousi ja juoksi maailmanennätyksen. Hapo juoksi imebeba rekodi kabisa kama mzigo wake. Wafini wana historia ndefu na hiyo kitu, Paavo Nurmi peke yake alichukua dhahabu 9 za Olimpiki kati ya 1920 na 1928, kwa iyo msamiati wa mbio wanao wa kutosha.

Lakini mtu akikwambia anaenda kukimbia kidogo jioni kwa ajili ya afya, mara nyingi hatatumia juosta. Atasema lähden lenkille, naenda lenkki, yani mzunguko wa mchakamchaka, na huko huko ndo yametoka lenkkarit, raba za mazoezi. Kukimbia polepole ni hölkätä. Na kama umekimbia ili uwahi basi, juoksin bussiin, na kiishio kinaonyesha umeingia ndani yake.

Mashine, magari na kompyuta

Injini haikimbii, injini käy. Moottori käy, basi, imeisha. Hiki ni kitenzi käydä, ambacho ukikiona mahali pengine kinamaanisha kupitia sehemu na kurudi, käyn kaupassa, napita dukani, na ukisikia mtu anauliza käykö? anataka kujua kama mpango uko sawa. Saa ya ukutani nayo käy. Gari likisimama huku injini inaunguruma bure wanasema moottori käy tyhjäkäyntiä, tyhjä ni tupu, kwa iyo injini inafanya mwendo mtupu.

Ukitaka kusema gari linatumia umeme, auto kulkee sähköllä, hilo -llä la mwisho ndo linabeba "kwa". Kwa mashine ambayo haiendi popote, friji au pampu, sema toimii, inafanya kazi. Toimia nakushauri uiweke mfukoni kama akiba, ukikwama kabisa kwenye habari za mashine itakuokoa mara nyingi kuliko kitenzi kingine chochote.

Kompyuta imejigawa. Programu ikiwa inaendelea yenyewe nyuma ya pazia, ohjelma pyörii taustalla, inazunguka. We ukiiamuru ifanye kazi, mafundi wanasema ajaa, kile kitenzi cha kuendesha gari: aja ohjelma uudelleen, iendeshe programu tena. Maandishi rasmi yanapendelea suorittaa, ndo maana ukiweka Windows kwa Kifini pale palipokuwa na Run utakuta Suorita. Kwa iyo ofisini na watu wa IT ajaa, kwenye mwongozo ulioandikwa suorittaa, na kwa yote mawili utaeleweka.

Basi, treni na barabara zinaangukia kwa kulkea. Bussi kulkee kymmenen minuutin välein, basi linapita kila dakika kumi. Tie kulkee metsän läpi, barabara inapita katikati ya msitu. Mpaka wa nchi nao kulkee, na hata ugonjwa wa kurithi, tauti kulkee suvussa, unatembea kwenye ukoo. Hiki kitenzi kinabadilika k kuwa j ukikitumia kwa mtu wa kwanza, kuljen, ila kwa basi na barabara hutaihitaji sana hiyo, ni kulkee tu, isipokuwa ukikanusha: juna ei kulje, treni haipiti. Kwenye ratiba rasmi za usafiri utakuta pia liikennöidä, ni neno la makaratasi, sio la kumwambia jirani.

Anayeendesha na kinachoendeshwa

Hapa nitatumia maneno mengi maana ndo pana faida kwa msemaji wa Kiswahili. Kiingereza kinasema run kwa kampuni inayokwenda yenyewe na run kwa bosi anayeiendesha, neno lilelile. Kifini hakikubali. Kinafanya kile tunachofanya sisi kwenye kauli ya kutendesha: zunguka, zungusha, enda, endesha. Wao wanaongeza tta au ttä ndani ya kitenzi. Pyöriä ni kuzunguka, pyörittää ni kuzungusha. Kulkea ni kwenda, kuljettaa ni kusafirisha. Valua ni kumwagika taratibu, valuttaa ni kumwaga. Loppua ni kuisha, lopettaa ni kukomesha. Juosta ni kukimbia, juoksuttaa ni kumkimbiza mtu huku na huku. Hata käyttää, kutumia, imezaliwa kutoka käydä, yani unaifanya mashine iende. Ukishaliona hili jicho halilali tena, kila kitenzi kipya unakitafutia ndugu yake mwenye tt.

Sasa kuendesha biashara. Pyörittää ni ya yule mwenye shughuli ndogo anayehangaika nayo kila siku: hän pyörittää pientä kahvilaa, anaendesha kamgahawa kake. Johtaa ni ya mkubwa, mkurugenzi, kuongoza: hän johtaa yritystä, anaongoza kampuni, na kwako we ni johdan, t inageuka d. Vetää maana yake ya asili ni kuvuta, na inatumika kwa kozi, klabu, mradi, kikundi: kuka vetää tätä kurssia?, nani anaendesha hii kozi? Afu kuna pitää, kushika, kuweka, inayokwenda na duka au mgahawa, na hapa uwe makini kwelikweli. Hän pitää kahvilaa ni anaendesha mgahawa. Hän pitää kahvilasta ni anaupenda mgahawa. Kitenzi ni hichohicho, tofauti ni -a na -sta mwishoni mwa mgahawa. Ndo nilichokuwa nasema kuhusu kuchukua kitenzi na sentensi yake.

Kugombea uongozi ni kitu kingine kabisa, hakuna mwendo wowote ndani yake. Asettua ehdolle, kujiweka kwenye ugombea, na ukishajiweka unakuwa ehdolla. Hän asettui ehdolle presidentinvaaleissa, amegombea kwenye uchaguzi wa rais, ambao Ufini unafanyika kila miaka 6. Kwa bunge lao, eduskunta lenye wabunge 200, utasikia pia pyrkiä eduskuntaan, kujaribu kuingia bungeni.

Maji, na kitu cha kushangaza kidogo

Mto virtaa. Maji yanayoteremka ukutani au machozi shavuni valuu. Kinachotoka mahali kisipotakiwa kutoka vuotaa, kwa iyo paa linavuja, katto vuotaa, na pua yenye mafua, nenä vuotaa, kwao pua inavuja tu kama paa. Kujaza maji kwenye beseni la kuogea ni laskea, kushusha, laskea vettä ammeeseen. Nguo ikichuja rangi kwenye maji, paita päästää väriä, shati linaachia rangi. Kisima kikikauka, kaivo kuivui.

Sasa umeshajiambia juosta ni ya wenye miguu tu, afu unakuta kwenye maelekezo ya jikoni huuhtele juoksevan veden alla, suuza kwenye maji yanayotiririka. Ni kweli, juokseva ipo, na sio kwa maji tu. Asali isiyoganda ni juokseva hunaja, namba za kufuatana ni juokseva numerointi, shughuli za kila siku za ofisi ni juoksevat asiat, gharama za uendeshaji ni juoksevat kulut. Ila angalia vizuri, zote hizo ziko kwenye umbo la -va, kama kivumishi. Kwa iyo chukulia juokseva kama neno linalojitegemea, kitu kinachotiririka au kinachofuatana, lijifunze na mifano hiyo na usianze kulitengenezea sentensi zako za vesi juoksee kila mahali. Maziwa yanayokatika yameingia humo humo pia, maito juoksettuu, ila hilo ni la wapenda kutengeneza jibini.

Vile virun vyenye mkia

Run out, run into, run over, run away. Hivi ndo vinaua watu kwa sababu wanatafsiri vipande viwili kimoja kimoja, juosta ulos, na juosta ulos ipo kweli, ni kutoka nje mbio.

Kuishiwa: loppua. Na hapa Kiswahili kinakubeba mgongoni. Kiingereza kinamfanya mtu kuwa mtendaji, sisi tunasema kahawa imetuishia, kahawa ndo inayofanya na sisi tumepatwa. Kifini ni hivyohivyo: meiltä loppui kahvi. Meiltä ni kutoka kwetu, loppui iliisha, kahvi kahawa. Kwa mdomo utasikia multa loppu rahat, pesa zimeniishia. Na kama unataka tu kutangaza kwamba hamna, kahvi on loppu. Kikiwa hakijaisha ila kinaelekea huko, on vähissä: bensa on vähissä, petroli inakaribia kuisha.

Kukutana na mtu bila kutarajia na kugonga mti kwa gari, vyote ni törmätä, na vyote vinataka kiishio cha kuingia ndani: törmäsin vanhaan ystävään, törmäsin puuhun. Msikilizaji ataelewa rafiki hajaumia.

Kugonga mtu au mnyama na gari, kamusi itakupa ajaa yli na sio kosa, lakini kwenye habari na kwenye maongezi unasikia zaidi jäädä auton alle, kubaki chini ya gari: kissa jäi auton alle, paka kagongwa na gari. Kupita taa nyekundu ni ajaa päin punaista, kuendesha kuielekea nyekundu, na hii ikariri nzima kama ilivyo.

Kutoroka kuna ngazi. Juosta karkuun ni kutimua mbio hapo hapo, miguu inaonekana. Karata ni kutoroka, mbwa kakata kamba, koira karkasi, kijana kaondoka nyumbani bila kuaga, na hiki kitenzi kinafanya vituko, k inayokosekana kwenye karata inarudi kwenye karkaan. Paeta ni kukimbia hatari, vita, moto, ina undugu na pakolainen, mkimbizi, na yenyewe ni pakenen. Anayesakwa bado hajapatikana yuko pakosalla au karkuteillä. Na kwa utani, mtu akikata mbuga, lähti käpälämäkeen, kaenda kilima cha nyayo za mnyama. Usiitumie kwenye barua ya kazi.

Vilivyobaki kwa haraka

Hizi zote kwa Kiingereza zina run ndani yake. Filamu ya masaa mawili kestää kaksi tuntia, inadumu. Filamu bado inaonyeshwa, elokuva pyörii vielä. Mkataba on voimassa, una nguvu, hadi tarehe fulani. Gazeti likitoa habari julkaisi jutun. Una homa, minulla on kuumetta. Umechelewa, olen myöhässä. Unazungukia vijishughuli vyako mjini, käyn asioilla. Unahatarisha, otat riskin. Nyumba iliyochakaa ni ränsistynyt, na mtu aliyechoka mwili na roho ni uupunut, usivichanganye hivyo viwili maana mwenyewe atanuna.

Run ikiwa nomino nayo imetawanyika. Mbio ni juoksu. Mlima wa kuteleza na ski ni rinne. Idadi ya nakala zinazochapwa kwa mkupuo mmoja ni painos. Mfululizo wa ushindi ni voittoputki, bomba la ushindi, na wa vipigo ni tappioputki. Stokingi ikifumuka mstari mrefu kuteremka mguuni hiyo ni silmäpako, pako ni utoro, silmä ni jicho lakini hapa ni kile kitundu cha mfumo, kwa iyo kitundu kimetoroka. Na ukiwa unaangalia pesäpallo, ule mchezo wa rungu na mpira ambao Lauri Pihkala aliutengeneza miaka ya 1920 akichukua mawazo kutoka besiboli ya Marekani, pointi inayohesabiwa ni juoksu, hapo kwa mara moja Kiingereza na Kifini vimekubaliana.

Kwa muda mrefu, ukiangalia mbele, ni pitkällä aikavälillä. Utasikia pia pitkässä juoksussa, kwenye mbio ndefu, watu wanaisema sana, ila kwenye maandishi ya heshima nenda na ya kwanza.

Jipime

Ziba mstari wa majibu kwa mkono kwanza. Zitoe kwa Kifini: dada yake anaendesha kwaya, treni haipiti Jumapili, muda umetuishia, simu yangu haifanyi kazi, mkimbizi alikimbia vita, nilikutana na mwalimu wangu ghafla.

Majibu: hänen siskonsa vetää kuoroa; juna ei kulje sunnuntaisin; meiltä loppui aika; puhelimeni ei toimi; pakolainen pakeni sotaa; törmäsin opettajaani. Kama kwenye kwaya uliandika johtaa sio kosa, kuoroa johtaa ni yule anayesimama mbele anapunga mikono, kuoroa vetää ni anayehakikisha mazoezi yanafanyika na ukumbi umepatikana, na kwenye kwaya ndogo mara nyingi ni mtu huyohuyo.